Milango Mitano ya Indigo Plateau
Pambano la mwisho la Pokémon Red na Green, michezo ya Game Freak iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, hupiganwa Indigo Plateau. Mchezaji mwenye beji nane hukabili mabingwa wanne mfululizo, kila mmoja na viumbe wake wa kupigana: Lorelei wa barafu, Bruno wa ngumi na mawe, Agatha wa mizuka na Lance wa majoka. Mlango ukishajifunga nyuma yake, hakuna kurudi. Dawa ni zile za mkobani tu, na akishindwa na yeyote huanza tena kwa Lorelei, nusu ya pesa zake zimekwenda. Hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo, maana nguvu pekee haitoshi. Inabidi pia kujua udhaifu wa kila kiumbe: Gyarados, kiumbe wa Lance, ni wa maji na wa kuruka, kwa hiyo umeme humuumiza mara nne. Dragonite, joka lenye mabawa, huumizwa vivyo hivyo na barafu. Kijana wa Likoni anayecheza kwa simu kivulini Shelly Beach, chaji ikielekea kwisha, hupiga hesabu ya dawa za mkobani: ipi itumike sasa, ipi iwekwe. Lance akianguka, hasimu wa tangu utotoni anangoja na viumbe sita, mmoja wao akiwa yule aliyemchagua siku ya kwanza ili amzidi wa mchezaji.