Falsafa si anasa kwetu sisi tuliorudi

MZEE mmoja jirani yangu hapa Nyanza-Lac, mfanyabiashara wa mawese anayevuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu karibu kila wiki, alinijia hivi karibuni akiwa amekasirika. Binti yake amemaliza sekondari na anataka kwenda Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kusoma falsafa. "Mwalimu," akaniuliza, "hiyo falsafa inauzwa kwa lita au kwa kilo?"

Nilicheka, lakini swali lake si la kubezwa. Mtu aliyeanza maisha upya na dumu moja la mafuta ana haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Wengi wetu tuliorudi tunataka watoto wasome uganga, uhasibu au kompyuta. Falsafa tunaiona ni maneno ya watu walioshiba, au ni somo la wanaojiandaa kuwa mapadri, kama wale wa seminari kuu ya Burasira.

Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na hakuna aliyenifundisha falsafa. Nilikutana nayo shambani, niliporudi nchini mwaka 2008.

Shamba ambalo marehemu baba alilikimbia mwaka 1972 nilikuta lina watu. Mwenye nyumba alikuwa rika langu. Baba yake alipewa ardhi ile na wakubwa wa wakati huo, naye kazaliwa pale pale, na wazazi wake kawazika pale. Mimi nilikuwa na haki ya baba yangu, yeye alikuwa na jasho la maisha yake yote. Ndugu msomaji, nani mwenye shamba?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Aristotle aliandika kwamba haki ina sura zaidi ya moja. Iko haki ya kurekebisha, yaani kilichochukuliwa kirudishwe kwa mwenyewe. Iko pia haki ya kugawa, yaani kila mmoja apate fungu linalomstahili. Kwenye shamba letu haki hizo mbili zilisimama zikitazamana.

Na si kwetu tu. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao au wafidiwe. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 mwanzoni iliwahimiza watu wagawane. Kuanzia mwaka 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia mwenye asili shamba lote. Sheria hazikukosekana, wala mihuri. Watu hawakukubaliana haki ni nini, na hilo ni swali la falsafa.

Sisi tuliamuliwa na wazee wa mlimani, bashingantahe. Mmoja wao aliniuliza: "Mwanangu, ukimtoa huyu leo, yeye akadai kwa nani?" Kisha akamgeukia mwenzangu: "Na wewe, kama ni baba yako aliyekimbia, ungependa uambiwe nini ukirudi?" Tulikaa kimya wote wawili. Tuligawana nusu kwa nusu. Baadaye ndugu zangu walinihimiza nidai lote. Sikudai, lakini siwezi kusema kwamba waliodai walikosea. Hadi leo najiuliza kama baba angekubali.

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini Kenya kuzungumza na wazee wa namna hiyo. Aliwatofautisha wazee wanaorudia tu yaliyosemwa na mababu na wale wanaoyapima na kuyahoji. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, hata kama hawakukaa darasani. Kitabu chake kuhusu hekima yao kilitoka mwaka 1990.

Wazee wetu wanaondoka. Mzee yule aliyetuuliza maswali tumeshamzika. Nani atashika nafasi yake? Katika miaka yetu tumeona kijana asiyezoea kuhoji anavyoweza kuambiwa jirani yake ni adui, akaamini, akachukua panga. Chuo hakitoi hekima kama cheti, lakini kinamzoeza kijana kuuliza "kwa nini", kusikiliza hoja asiyoipenda, na kutambua neno tamu lisilo na ushahidi. Ninyi mnaovuka mpaka mnajua thamani ya mtu wa aina hiyo: ndiye anayeitwa pale hesabu zinapogongana na kila upande unaapa.

Sitamdanganya jirani yangu. Matangazo ya kazi yanayomtaka mwanafalsafa ni nadra. Ndiyo maana nilimshauri binti aichanganye falsafa na somo jingine la kufundisha kama chuo kitaruhusu, au baadaye aongeze sheria. Kula ni lazima.

Lakini nilimwambia mzee pia: wewe mwenyewe una kesi ya shamba Rumonge isiyokwisha. Mhasibu atakupigia hesabu na kukupa bei. Nani atakusaidia kujua lililo haki?

Hakunijibu. Alisema atafikiri. Nami nikamwambia ameshaanza somo la kwanza.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa sekondari, alirejea kutoka Tanzania mwaka 2008.