Redio Kwanza, Vishikwambi Baadaye

Kila yanapozuka mazungumzo ya shule zetu na teknolojia, wasomi wa Burundi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linataka kila mtoto apewe kishikwambi, kwa kuwa dunia inakimbia na sisi tumeachwa nyuma. Kundi la pili linasema madawati kwanza, teknolojia tutaizungumzia siku tutakapotajirika. Ninaandika kuyapinga yote mawili. Yote yanadhani kwamba teknolojia ni lazima iwe ya bei kubwa. Ndiyo maana la kwanza linaomba kisichopatikana, na la pili linakataa hata kile tunachokimudu.

Tuanze na mfuko wenyewe. Mwaka 2005 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, watoto wakafurika madarasani. Ulikuwa uamuzi wa haki, lakini vyumba, walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi ya watoto, na hadi leo ziko shule ambazo wengine huingia asubuhi na wengine mchana. Kisha misaada ikayumba. Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na hatua hiyo haikuondolewa hadi Februari 2022. Mei 2023 thamani ya faranga ilishushwa, kila kinachonunuliwa kwa dola kikapanda bei. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Anayetaka kumsubiri mfadhili wa vishikwambi na asubiri, ila mtoto aliye darasa la tatu leo hana muda huo.

Na hata vikija, vitachajiwa wapi? Katika nchi yetu wenye umeme ni karibu mtu mmoja tu kati ya kila kumi. Tuwatazame jirani zetu wa Kenya, wenye umeme na fedha kutuzidi. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikafikishwa mahakamani, laptopu zikageuka vishikwambi, na kuanzia mwaka 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikagawiwa. Miaka michache baadaye serikali hiyohiyo ikageukia vyumba vya kompyuta vya kutumiwa kwa pamoja. Huko Peru nako laptopu ziligawiwa kwa mamia ya maelfu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona kwamba waliozipata waliwashinda wenzao katika hesabu wala lugha. Wahenga walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Kipimo changu ni kimoja: faranga chache tulizo nazo zinunue kile ambacho chaki haikiwezi. Kujumlisha na kutoa, chaki inaweza. Kuchora ramani ya Ziwa Tanganyika, chaki inaweza. Chaki haiwezi kutoa sauti ya mtu anayeijua lugha.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Katika miaka ile nchi yetu ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Masomo yaliongezeka, lakini aliyepaswa kuyafundisha ni mwalimu yuleyule. Mtoto wa Buyenzi husikia Kiswahili tangu mgongoni mwa mama yake. Mtoto wa milima ya Mwaro hukisikia kwa mwalimu peke yake, na mwalimu huyo huenda hakufundishwa Kiswahili hata siku moja. Katika shule moja ya mlimani nilikofanya mazoezi ya kufundisha, mwalimu aliandika ubaoni neno “chakula” bila kosa, akalisoma “chakura”, na darasa zima likaitikia “chakura”. Mwalimu yule ana bidii kuliko wengi wetu. Kosa ni la waliompa kitabu na ratiba bila kumpa sauti ya kuigiza.

Sauti hiyo inaweza kusafirishwa. Wizara ya Elimu inayo redio yake ya shule, Nderagakura, hapa hapa Bujumbura. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo: sauti inauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, mwalimu anaongoza. Waliosoma hivyo waliwapita wenzao katika majaribio. Leo kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu somo likirekodiwa linaingia kwenye kadi ya memori, na spika ndogo ya sola inalisomesha asubuhi kwa zamu ya kwanza na mchana kwa zamu ya pili. Halihitaji intaneti wala umeme wa Rejideso.

Najua nitakavyojibiwa. “Watoto wanakaa chini, wewe unatuletea redio!” Ni kweli wanakaa chini, na ni aibu. Lakini spika moja inatumiwa na darasa zima, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya madawati ya darasa hilo. Tukiikosa, mtoto atapata dawati na kusema “chakura” akiwa amelikalia.

Hoja nyingine naiogopa zaidi, kwa sababu inatoka kwa wanaopunguza bajeti: kwamba redio ikifundisha, walimu wapunguzwe. Tulikatae hilo mapema na kwa sauti kubwa. Redio haimwoni mtoto aliyesinzia kwa njaa, wala haisahihishi daftari. Tunaiomba imsaidie mwalimu. Siku itakapotumiwa kumfukuza mwalimu, mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga. Tena fedha za kutengeneza spika iliyoharibika ziandikwe katika bajeti ya shule tangu mwanzo. Zisipoandikwa, vifaa hivyo vitaishia kabatini kwa mkurugenzi.

Kwa serikali ombi langu ni dogo: irejeshe masomo ya Kiswahili katika ratiba ya redio ya shule kwa nguvu mpya, na ianze na shule za milimani kabla ya zile za mjini. Kwenu wahadhiri wetu naomba zaidi. Kila mwaka tunaandika kazi za kuhitimu ambazo hulala rafuni. Turuhusuni, wanafunzi watatu watatu, turekodi masomo kumi ya darasa la kwanza yenye maneno, hadithi na nyimbo tulizotunga wenyewe, na kazi hiyo ipewe alama kama insha. Sauti tunazo, na simu za kurekodia ziko mifukoni mwetu. Tuanze muhula huu.