Klabu Ilifungwa, Bawabu Yungali Mlangoni

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wenye vyeo, ambao kila yanapotajwa majengo ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja huanza kuisikitikia Klabu ya Waingereza. Husema kwamba palikuwa mahali pa adabu na utulivu, kwamba waliokutana pale hawakumdhuru mtu, na kwamba chama cha faragha, maadamu wanachama wake wanalipa ada, kina haki ya kumpokea kinayemtaka na kumkataa kisiyemtaka. Masikitiko hayo si ya jengo. Jengo lingalipo Shangani, limeelekea bahari kama lilivyokuwa. Kinacholiliwa ni mlango wake, na hasa yule bawabu aliyesimamishwa hapo kuwazuia wengine.

Historia na isemwe wazi. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1888, miaka miwili kabla Uingereza haijaitangaza Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake mwaka 1890. Bendera ilikuwa haijapandishwa, lakini kiti cha bwana kilikwisha kuwekwa barazani! Tangu hapo hata Mapinduzi ya Januari 1964 ni zaidi ya robo tatu ya karne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenye nchi aliingia humo akiwa amebeba sinia. Baada ya Mapinduzi klabu ilifungwa, jengo likageuzwa hoteli na kupewa jina la Africa House. Huo ndio msiba unaoombolezwa.

Hoja ya faragha haina miguu ya kusimamia. Wengi wa waliokaa katika klabu kama hiyo walikuwa maofisa wa serikali, na mishahara yao ilitoka katika mapato ya nchi, ambayo nguzo yake kubwa ilikuwa ushuru wa karafuu. Mchuma karafuu wa Pemba alikigharimia kiti ambacho yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukikalia. Tena, ni nani atakayeamini kwamba ofisa alipofunga jalada lake alasiri aliifunga na akili yake? Mtu aliyemhukumu mwananchi asubuhi alikaa jioni meza moja na yule aliyemtoza kodi, na yule aliyemnyima mwanawe shule. Mambo ya watu wote yalizungumzwa mahali ambapo watu wote hawakuweza kusikia. Faragha ya namna hiyo ni serikali iliyovua koti tu.

Bara hali haikuwa tofauti. Dar es Salaam nayo ilikuwa na klabu yake ya Wazungu, na humo mtumishi wa serikali aliweza kunena siasa hadi usiku wa manane bila ya kuulizwa. Lakini Mwafrika mwenye kazi serikalini alipotaka kukutana na wenzake kuzungumza habari za nchi yake, mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa TAA. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, alilazimika kuchagua kati ya chaki na chama, na Machi 1955 akaiacha chaki. Makarani na walimu wanaosoma historia hii wasisahau kwamba waraka ule uliwalenga watu wa kazi yao.

Haina maana kwamba Mwafrika alichukia klabu. Alikuwa nazo. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, aliwaongoza wenzake kuanzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Makarani na walimu, Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, walikutana humo. Ni kweli kwamba nacho kilikuwa chama cha wachache walioshika kalamu. Lakini tazama mlango wake ulivyokwenda ukipanuka. Mwaka 1929 ikazaliwa African Association, isiyomtaka mtu awe karani ndipo aingie. Zanzibar ikapata ya kwake mwaka 1934, na mwaka 1957 ikaungana na Washirazi kuwa Afro-Shirazi Party. Bara, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1963 ikawafungulia mlango raia wa asili zote. Tarehe 5 Februari 1977 vyama hivyo viwili vikawa Chama Cha Mapinduzi.

Hapa ndipo ilipo tofauti. Jumuiya moja ilianza na watu wachache ikaishia kuwa ya taifa. Nyingine ilianza na wachache ikafa na wachache wake. Thamani ya baraza lolote haipimwi kwa usafi wa vitambaa vya meza. Hupimwa kwa mlango: je, unapanuka au unasinyaa?

Jengo la Shangani siku hizi humpokea awezaye kulipa. Hiyo ni biashara, na biashara ina hesabu zake. Ofisi ya umma si hoteli. Ofisa anayeamua mambo ya idara mezani na marafiki zake watatu, kisha akaja kikaoni kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa, amefungua upya Klabu ya Waingereza. Mwalimu mkuu anayewasalimu wazazi wenye magari na kuwaacha wenye baiskeli juani ameajiri bawabu yule yule. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi juu ya majivuno, dharau na uonevu, kwa sababu waandishi wake walijua kwamba mkoloni huweza kuondoka na kiti chake kikabaki na joto.

Kufunga klabu ni kazi ya siku moja. Hutosha amri na kufuli. Kumfukuza bawabu aliyekaa moyoni mwa msomi ni kazi ya kila siku, na hakuna waraka utakaoifanya kwa niaba yake. Wanaoililia klabu ya Shangani waache kuitafuta baharini. Waitazame milango ya ofisi zao, wahesabu waliosimama nje, kisha waseme kama kweli ilikufa.