Mahali Panapouma

Wasomaji wetu, juma hili napenda tuyatazame majina ya viungo vya mwili, maana mgonjwa asiyeweza kutaja mahali panapomwuma humchelewesha daktari, na hujichelewesha mwenyewe zaidi.

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa Eldoret ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo; leo hupokea wagonjwa wa Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo na mbali zaidi. Mgonjwa huja na lugha ya kwao, daktari naye ana ya kwao, wakakutana katika Kiswahili. Lakini Kiswahili chenyewe kina mitego. Mtu asema, "Mguu waniuma." Wapi? Mguu huanzia pajani hata vidoleni. Basi na ataje: paja, goti, muundi ulio mbele, shavu la mguu lililo nyuma, kifundo, kisigino au wayo. Mkono nao ni vivyo hivyo: bega, kiwiko, kigasha, kiganja.

Mtego mkubwa uko tumboni. Wengi husema "moyo waniuma" hali wameshika chembe cha moyo, yaani pale penye kishimo chini ya mfupa wa kifua. Moyo wenyewe uko juu zaidi, kati ya mapafu, umeelekea kushoto kidogo. Huenda kinachouma ni tumbo la chakula. Lakini maumivu ya moyo nayo pengine husikika pale pale chembeni, kwa hiyo usiyadharau. Ini liko kulia, chini ya mbavu. Wengu uko kushoto, nao huvimba kwa malaria.

Angalieni kidole tumbo. Maumivu yake mara nyingi huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia, juu ya kinena. Mtu akisema "tumbo" tu, daktari atajuaje kwamba yamehama? Nacho kikipasuka, usaha humwagika ndani, na mtu aweza kufa. Na kulia ni kulia kwako wewe, si kwa daktari anayekukabili.

Kuna na haya. "Huku chini" yaweza kuwa kibofu, mji wa mimba au kinena. Na mjukuu aliyeletwa awe mkalimani wa nyanya yake huona haya kuliko nyanya mwenyewe. Afadhali aje mtu mzima. Ukikosa jina kabisa, weka kidole kimoja, si kitanga kizima, pale panapouma.