Neema Haiuzwi, Wala Si Bahati



Neno neema halikosi vinywani mwa watu wa Bukavu. Anayepata kazi husema amepata neema. Anayeuza vizuri sokoni Kadutu na anayefaulu mtihani wa Serikali husema vivyo hivyo. Kumshukuru Mungu kwa mkate ni wajibu wetu, na hatusemi kwamba umaskini ni jambo jema. Lakini tumeanza kugeuza shukrani kuwa kipimo: mwenye kazi ana neema, asiye nayo amekosa neema. Fundisho hilo tunalikataa waziwazi, kwa sababu si la Injili.

Tazameni linakotupeleka. Katika vita vilivyotupata, aliyepona husema amepona kwa neema ya Mungu. Na jirani yake aliyeuawa, je? Tumwambie mjane kwamba neema ilipita mlangoni pake bila kuingia? Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki mjini pamoja na watu wake, aliuawa papa hapa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alihamishwa kwa nguvu mwezi Februari 2000 na waliotawala kwa silaha, akazuiliwa Butembo kwa muda wa miezi saba; akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya kurudi kwetu. Kama neema ni usalama na mafanikio, wachungaji hao waliikosa. Nani kati yetu atathubutu kusema hivyo? Na kila siku tunamsalimu Bikira Maria kuwa amejaa neema, yeye aliyejifungulia mahali pa mifugo, akakimbilia Misri na mtoto mchanga, kisha akasimama chini ya msalaba wa Mwanawe.

Neema ni uhai wa Mungu mwenyewe, anaotushirikisha bure bila sisi kuustahili. Tuliupokea katika Ubatizo. Tukiupoteza kwa dhambi ya mauti, tunarudishiwa katika Kitubio. Unalishwa kwa Ekaristi. Simoni mchawi alipotaka kununua kipaji cha Roho kwa fedha, Petro alimkemea vikali. Basi mhubiri anayewaagiza maskini watoe dola kumi ili Mungu awarudishie mia anamfuata Simoni, hata akishika Biblia mkononi. Lakini tusiwacheke wengine. Sisi Wakatoliki tunaposali novena kana kwamba tunalipa bei, kisha tukamnunia Mungu kwa kuwa mzigo haujafika, tumeketi meza moja na mhubiri huyo.

Wapo pia wanaoteleza upande wa pili. Husema: neema ni ya bure, Mungu ana huruma, tutaungama Jumamosi. Kwa maneno hayo pointi za shule zinanunuliwa na hongo inapokewa kwa moyo mtulivu. Mtume Paulo aliwakataza Warumi kuendelea kutenda dhambi kwa kisingizio cha wingi wa neema. Zawadi iliyopokewa kweli humbadilisha aliyeipokea.

Mfano hauko mbali. Uko ng'ambo ya Ziwa Kivu. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981, alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio na aliwahudumia watoto wa mitaani. Alifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC. Alipoletewa fedha ili aache chakula kilichoharibika kiingie na kuliwa na watu, alikataa. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, mjini Roma.

Kwa macho ya soko, Floribert alipoteza fedha, kazi na maisha. Kwa macho ya imani, neema ilikuwa imeshatenda kazi ndani yake siku ile mkono wake ulipokataa kupokea. Hakuinunua kwa kifo chake. Aliipokea kwanza, akaikubali, nayo ikampa nguvu ya kusema hapana pale ambapo wengi husema ndiyo.

Kwa hiyo, mtakapokutana wiki hii katika shirika au katika kikundi chenu, msihesabu neema kwa simu, nguo na safari. Ulizaneni: ni hongo gani tumeikataa? Nani tumemsamehe? Ni maskini gani tumemkaribia bila kutazamia malipo? Na pale tuliposhindwa, tusitafute bei ya kulipa. Twende tukapige magoti kitubioni, tupokee tena bure kile tulichopewa bure tangu mwanzo.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristu iwe nanyi nyote.