Tairodi Si Nondo

"Chuma hulipiwa kwa kilo." Wanaoagiza spea kutoka Guangzhou huambiana hivyo, kisha wakipewa bili ya ndege wanashangaa. Ndege hupima mara mbili: kilo za mizani, halafu urefu mara upana mara kimo cha boksi kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Jibu kubwa ndilo unalolipia. Tuseme una tairodi (rodi za usukani) mbili za lori, jumla kilo 24. Ndani ya boksi la 150 kwa 20 kwa 20, ukubwa unatoa kilo 10, kwa hiyo unalipia 24 zako. Muuzaji akizitupa kwenye boksi la 150 kwa 40 kwa 40, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, unalipia 40. Kilo 16 za hewa! Kwa meli, ambako hulipiwa mita za ujazo (CBM), maboksi hayo ni CBM 0.06 na 0.24; ukiwa na shehena kubwa ya namna hiyo, umelipa mara nne.

"Chuma hakivunjiki, gunia linatosha." Hakivunjiki, lakini hupinda, na tairodi iliyopinda hata kidogo ni chuma chakavu. Kinachoumia kwanza ni ncha: meno ya skrubu yakigongwa, nati haipandi, mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, mchanga unaingia kwenye bolijointi. Kila ncha ivalishwe kifuniko cha plastiki, rodi zitenganishwe kwa kadibodi na zifungwe zisicheze, maana rodi inayoteleza hutoboa katoni na kuingia kwenye mzigo wa jirani. Tena kontena hutoka jasho baharini. Mafuta kidogo au karatasi ya kuzuia kutu ni bei ndogo sana.

"Andika 'spea', wakala atajua." Atajuaje? Kwa msimbo wa forodha, tairodi ya usukani kwa kawaida ni 8708.94, mkono wa saspensheni ni 8708.80, skrubu tupu ni 7318. Ankara isiyosema kitu inampa ofisa wa forodha kazi ya kukisia, nawe unalipia siku za bandarini.

"Mbao yoyote inafaa kreti." Inatakiwa iliyotibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, yenye muhuri. Plaiwudi haidaiwi hilo.

"Shokapu ni rodi tu, changanya humo humo." Shokapu ya gesi ina shinikizo ndani, nayo ina namba yake ya bidhaa hatari, UN 3164. Zipo zinazosamehewa masharti, ila kwa vielelezo vya mtengenezaji. Viombe kabla hujalipa.