Beji za Keya: Skana au Kamera?



Muhula huu Chama cha Historia cha shule yetu kimekata shauri kutengeneza daftari la beji za askari wa zamani wa King's African Rifles, yaani KAR, wale ambao wazee wetu huwaita Keya. Shauri ni jema, wala hakuna aliyelipinga. Kilichozusha ubishi ni njia ya kulitimiza. Wenzetu wengine wasema kila mwanafunzi ambaye kwao ipo beji ailete shuleni, tuilaze juu ya skana ya ofisini. Wengine, nami nikiwa mmojawapo, twasema beji ibaki kwa mwenyewe na kamera ndiyo imfuate. Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe sababu zangu.

Kwanza yafaa tujue beji hizi ni kitu gani. KAR iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha majeshi ya Waingereza yaliyokuwa Nyasaland, Kenya na Uganda. Kikosi cha 6, cha Tanganyika, kiliongezwa mwaka 1917. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, mwaka 1944. Waliokwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa na alama ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vya KAR vilivyokuwa hapa viligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Basi beji ya KAR ya Tanganyika, hata ile ya mwisho kabisa, imekwisha pita miaka 60. Wengi walioivaa wamefariki. Katika nyumba nyingine kilichobaki cha babu ni kipande hicho cha shaba ndani ya sanduku, pengine pamoja na cheti kilicholiwa na mende. Ieleweke pia kwamba nasema juu ya beji hizo za zamani tu. Alama na mavazi ya jeshi letu la leo si vitu vya raia kukusanya wala kuvaa, na sheria yakataza.

Sasa nije kwenye skana. Sitaki kuionea, maana ina sifa zake. Mwanga wake haubadiliki, ukiskani asubuhi au jioni ni mamoja. Haitaki mkono usiotetema. Zaidi ya hayo, skana hutunza kipimo. Ukiiweka kwenye nukta 600 kwa kila inchi, beji yenye upana wa sentimeta 4 itatoa picha yenye upana wa nukta 945 hivi, na mtu yeyote aweza kupiga hesabu na kujua ukubwa wake wa kweli. Jambo hili si dogo. Beji za asili ziligongwa kwa muhuri wa chuma, lakini wako watu wanaozitia katika kalibu na kusubu za bandia ili wawauzie wakusanyaji. Madini yakipoa husinyaa, kwa hiyo ya bandia hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake, na maandishi yake huwa kama yamefutika. Katika beji ya milimita 40 tofauti hiyo haifiki hata milimita moja. Asiyepima vizuri hataiona.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wenzetu, nami naikubali. Lakini dawa ya kipimo tunayo tayari. Katika maabara ya fizikia zimo kalipa za vernia, nasi tangu Kidato cha Kwanza twafundishwa kuzisoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Mwanafunzi akiishika beji taratibu katikati ya meno ya kalipa, bila kuibana, atapata upana, urefu na unene. Na unene ni kitu ambacho skana haitampa kamwe.

Hapo ndipo penye udhaifu wa skana. Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi, na beji si karatasi. Nyingi zimebinuka ili zikae vizuri kwenye kofia. Zile skana nyembamba, ambazo ndizo nyingi maofisini, huona vizuri kitu kinachogusa kioo tu. Kilichoinuka milimita chache huonekana kama kimo ndani ya ukungu. Skana nene za zamani zenye vioo na lenzi ndani huona mbali zaidi kidogo, lakini ya ofisini kwetu ni ya wembamba. Tena taa ya skana hutembea njia moja, wala huwezi kuiambia isimame upande. Shaba iliyosuguliwa huurudisha mwanga huo ikawa nyeupe tupu mahali pamoja na nyeusi mahali pengine. Nyuma ya beji huwa na vipete au ulimi wa kuishikizia, navyo huweza kukwaruza kioo cha mashine inayotegemewa kuchapa mitihani ya shule nzima.

Kamera yafanya kazi nyingine. Mwenye kamera aweza kuleta mwanga kutoka ubavuni, chini chini, na hapo herufi zilizolika huinuka zikasomeka. Aweza kuipiga beji mbele, nyuma na ubavuni. Picha ya nyuma ni muhimu sana, maana huko ndiko huonekana jinsi ilivyotengenezwa, na mara nyingine jina la aliyeitengeneza, kama J. R. Gaunt wa Birmingham.

Lakini hata kama skana ingekuwa bora kwa kila jambo, ningesimama pale pale. Skana hutaka beji iende kwenye mashine, yaani itoke mikononi mwa bibi kizee aliyeitunza miaka yote, ipande basi mfukoni mwa mwanafunzi, ilale bwenini, kisha isubiri zamu yake ofisini pamoja na nyingine thelathini zinazofanana nayo. Nani atamhakikishia kwamba itakayorudi ndiyo ile ile? Ikipotea, chama kitamlipa nini? Sokoni beji ya shaba ina bei, lakini ya mumewe haina. Na mzee akisikia kwamba moja imepotea, hata kama si yake, hatatufungulia sanduku tena, wala jirani yake hatafungua.

Tena kuna hasara nyingine wenzetu hawakuitaja. Beji ikifika shuleni imefika peke yake. Ikipigwa picha barazani kwa mwenyewe, hufuatana na maneno: ilikuwa ya nani, alijiandikisha wapi, alipelekwa nchi gani, alirudi lini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Beji bila habari ni shaba tu, na katika miaka 20 ijayo hatakuwapo wa kuulizwa.

Basi naleta shauri langu. Likizo i karibu. Shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, lakini nyumbani wazazi wengi wanazo, na kamera ya simu yatosha ikitumiwa kwa akili. Kwanza omba ruhusa kwa mwenye beji, kwa adabu, na akikataa mshukuru uondoke. Usiisugue kwa dawa ya shaba wala kwa majivu, maana ile rangi ya ukale ni sehemu ya ushahidi, na ikiondoka hairudi. Iweke juu ya kitambaa cha rangi ya kijivu karibu na dirisha, si juani, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kivulini. Usiisogeze simu karibu mno, kwa kuwa picha hupinda. Kaa mbali kidogo na uvute kwa lenzi. Simu iwe sambamba na beji. Weka rula kando yake, tena uiinue kwa kijitabu mpaka ilingane na uso wa beji. Simu ikiwa sentimeta 30 juu ya meza, na beji imeinuka sentimeta 1 kuliko rula, itaonekana kubwa kwa kiasi cha sehemu 3 katika 100, na kosa hilo latosha kuificha ile tofauti ya beji ya bandia niliyoitaja. Mwisho andika maelezo ya mzee mbele yake, umsomee, naye asahihishe.

Skana nayo isitupwe. Yule kifaru wa kitambaa, vyeti vya jeshi na picha za zamani ni vitu bapa, na kwavyo skana haina mshindani. Mwenye kuvimiliki akikubali kuja navyo mwenyewe siku ya wazazi, na viskaniwe mbele ya macho yake, arudi navyo siku hiyo hiyo.

Haya ndiyo maoni yangu. Namwomba mwalimu mlezi wa chama ayafikirie kabla ya shule kufungwa, na wazazi watakaosoma gazeti hili wazungumze na wazee nyumbani. Mwenye maoni yaliyo kinyume na haya na aandike katika toleo lijalo, tujifunze kwake.

Mwanachama wa Chama cha Historia,
Kidato cha Tano